HAFLA ZA KUJUANA MJINI: KADI KIBAO, MICHONGO HAKUNA!

Siku hizi Ijumaa jioni Masaki na Oysterbay hapakosi hafla ya "vijana wa maofisini kujuana". Kiingilio kipo, muziki wa taratibu upo, ukuta wa kupigia picha upo. Kila unayemsalimia ni CEO. CEO wa nini? Hapo ndipo kigugumizi kinapoanza.

Lengo lenyewe si baya hata kidogo. Bongo kila mtu anajua kazi nyingi hazitangazwi, zinapita kwa watu. Na si Bongo tu. Mwaka 1973 msomi wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Wengi hawakusaidiwa na marafiki wa kila siku, walisaidiwa na watu wanaoonana nao mara moja moja. Sababu ni rahisi: mshikaji wako wa geto anajua yale yale unayoyajua wewe. Yule wa mbali ndiye anayejua nafasi iliyo wazi ofisini kwao.

Sasa cheki nani anaingia kwenye hizi hafla. Chukua kijana aliyemaliza chuo, anakaa Gongo la Mboto, hana ajira. Kiingilio kikiwa elfu 30, weka daladala ya kwenda na bodaboda ya kurudi usiku, weka na maji ya kunywa kwa bei ya hoteli. Hiyo ni hela ya kula wiki nzima! Anabaki nyumbani kuangalia picha Instagram. Wanaoingia ni wale wale, wana kazi tayari na wanajuana tangu chuo. Hiyo si koneksheni, ni kijiwe chenye kiingilio.

Kina dada nao wana lao. Kaka akitoa CV, inapokelewa pale pale mezani. Dada anaambiwa "nipe namba, tuongee vizuri kesho". Kesho yenyewe ni saa nne usiku, na maongezi hayahusu kazi. Dada akikausha, na mchongo unakauka. Wapo waandaaji wanaozijua tabia hizo, ila wanawachekea wahusika kwa kuwa ndio wanaolipia meza.

Dawa wala si ya gharama. Zitengwe nafasi za bure kwa wasio na ajira, wenye mishahara ndio wabebe kiingilio. Hafla iwe Jumamosi mchana, sehemu inayofikika kwa daladala kama Mwenge, watu warudi kwao kabla ya giza. Kila mwenye kampuni apewe dakika 2 aseme hadharani ana nafasi gani na maombi yapelekwe wapi. Asiyenayo aseme hana, hakuna aibu. Na anayeghasi dada za watu asialikwe tena, hata kama ni mdhamini.

Wanaoenda kula bata waendelee, hela ni yao. Ila tangazo liseme ukweli kuwa hiyo ni pati, kwa sababu kuna mtu anakopa hiyo elfu 30 akiamini anaenda kutafuta ajira.

Wadau mnalionaje hili? Kama yupo aliyepata kazi kweli kupitia hizi hafla, amwage ushuhuda hapo chini.