Dawa ya Deni ni Kulipa, Hata Mdeni Akiwa Serikali



Wako wafanyabiashara katika nchi hii, wakubwa kwa wadogo, ambao wamelipa ushuru kupita kiasi wanachodaiwa, wakatambua kwamba wamezidisha, kisha wakanyamaza. Hawakuandika barua wala kujaza fomu, na hawakugonga mlango wa mtu. Fedha zao zimelala Hazina mwaka baada ya mwaka. Ukiwauliza sababu, wanakujibu kwa sauti ya chini: "Hiyo ni sadaka. Tuacheni tufanye biashara."

Sisi tunasema hiyo si sadaka. Sadaka hutolewa kwa hiari na kwa mkono mweupe. Anayeacha haki yake kwa kumwogopa anayeishika ametozwa kwa nguvu mara ya pili.

Tulipodai Kifungu cha 2A kiondolewe katika Katiba, wengi walidhani vita vyetu ni vya sanduku la kura peke yake. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, na vyama vikaruhusiwa. Lakini ule woga uliopandwa katika miaka ya chama kimoja, woga wa mtu kuidai serikali kilicho chake, haukufutwa na Bunge. Ulihama kutoka baraza la chifu ukaingia katika daftari la hesabu, na humo umekaa hadi leo.

Hebu tueleze jinsi fedha hizi zinavyozidi, kwa maana wako wanaodhani ushuru uliozidi ni matunda ya uzembe wa makarani. Sivyo. Mara nyingi sheria yenyewe ndiyo inayouzidisha.

Mfano wa kwanza ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, iliyoanza nchini mwaka wa 1990 kuchukua nafasi ya ushuru wa mauzo. Mwenye kuuza maua au mboga ng'ambo hutoza kodi hiyo kwa kiwango cha sufuri. Lakini akinunua katoni za kupakia, hutozwa asilimia 16 kama mtu mwingine yeyote. Katoni za shilingi 100,000 humtoa shilingi 16,000 za kodi. Kwa kuwa mnunuzi wake wa ng'ambo halipi kodi hiyo, hana wa kumtoza ili ajifidie. Sheria inasema arudishiwe na serikali. Basi kila shehena inayopakiwa katika ndege inaacha nyuma deni, na mdeni ni serikali.

Mfano wa pili ni kodi inayozuiliwa na mnunuzi. Kuanzia 2014 idara za serikali na kampuni zilizoteuliwa zilitakiwa kuzuia asilimia 6 ya thamani ya bidhaa na kuipeleka moja kwa moja kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Chukulia seremala aliyeuza madawati ya shilingi 1,000,000 kwa kaunti yake. VAT yake ilikuwa shilingi 160,000. Mbao, misumari na rangi alivinunua kwa 750,000, akalipa VAT ya 120,000. Alichodaiwa ni tofauti, yaani 40,000. Lakini kaunti ilikuwa imekwisha kuzuia 60,000. Seremala huyu hakukosea hata hesabu moja, na bado alikuwa amelipa 20,000 zaidi ya deni lake. Malalamiko yalipozidi, kiwango kilipunguzwa mwaka wa 2019 kikawa asilimia 2. Kwa kupunguza huko serikali yenyewe ilikiri kwamba kamba ilikuwa imekaza mno. Je, wangapi miongoni mwa waliokazwa miaka ile mitano walidai kilichozidi?

Mfano wa tatu ni ushuru wa mapato unaolipwa kwa awamu nne, Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kabla mwaka haujajulikana utaishaje. Wengi hukadiria kwa kutazama mwaka uliopita, na kuongeza asilimia 10 juu yake. Mwaka wa 2020, maradhi ya korona yalipofunga hoteli za pwani na kumbi za harusi, yuko aliyelipa awamu ya kwanza kwa kipimo cha faida ya 2019 na mwisho wa mwaka akahesabu hasara. Hicho alicholipa si mapato ya serikali, kwa sababu mapato yenyewe hayakuwapo.

Sasa tutazame mizani inavyopimwa. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamtoza mwananchi aliyechelewa riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, tena hesabu huanza mara tu siku ya kulipa inapopita. Sheria hiyo hiyo, ilipotungwa, iliitaka serikali nayo ilipe riba ya asilimia 1 kwa mwezi ikichelewa kurudisha, lakini baada ya miaka miwili tangu ombi kupelekwa! Mwananchi hakupewa hata wiki mbili. Serikali ilijipa miaka miwili. Katika muda huo mwenye kiwanda kidogo anakwenda benki kukopa fedha za mishahara, na kulipa riba, ilhali fedha zake mwenyewe ziko Hazina hazimzalii hata senti. Wahenga walinena kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Serikali yetu imekula harusi hiyo, na matanga imewaachia wenye mali.

Kwa nini basi watu hawadai? Sababu ya kwanza ni hofu. Mfanyabiashara anaamini kwamba akidai shilingi 20,000 atatumiwa wakaguzi wa kupekua hesabu za miaka mitano, na mwisho wa safari atajikuta anadaiwa 200,000. Hofu hii haikuzuka hewani. Wazee wetu wa biashara wanakumbuka zama ambazo mtu aliyeonekana upande wa mageuzi alihofia leseni yake kabla ya kuhofia hasara. Sababu ya pili ni gharama: ada ya mhasibu, nakala za stakabadhi, siku za kufunga duka na kupanga foleni. Kwa deni dogo, kudai kunakula kinachodaiwa. Sababu ya tatu ni ushawishi wa madalali wanaonong'ona kwamba faili "itasukumwa" ukitoa kitu. Mwaminifu akisikia hivyo hukata tamaa, na mjanja hutoa.

Hapo ndipo tunapowaomba wasomaji wakumbuke Goldenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa na mpango wa kuwalipa fidia wauzaji bidhaa ng'ambo, asilimia 20 ya thamani. Kampuni ya Goldenberg International ikakubaliwa kupewa asilimia 35 kwa dhahabu na almasi, katika nchi ambayo haina almasi ya kuuza, na dhahabu yake ni kidogo. Mabilioni yakalipwa kwa shehena za karatasi. Aliyefichua siri hiyo, David Munyakei, alikuwa karani tu wa Benki Kuu. Alishtakiwa, akapoteza kazi, na akafariki mwaka wa 2006 akiwa maskini. Tume ya Jaji Bosire iliundwa mwaka wa 2003, miaka kumi baada ya wizi kufichuka.

Funzo ni hili. Serikali iliyosema haina fedha za kumrudishia seremala ilikuwa na fedha za kumlipa asiyeuza kitu. Foleni ndefu na ya siri humfaa mwenye mkono wa kuiruka. Ambapo waaminifu wananyamaza, madai yanayobaki mezani ni ya wajanja, na chungu wanachokula wajanja hao kimejazwa na waaminifu.

Tunajua jibu la wakubwa. Watasema madai mengi ni ya uongo, na kwamba lazima yachunguzwe polepole. Hatukatai kuwa wako watu wanaotunga ankara za biashara hewa, nao wastahili kushtakiwa. Lakini tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki, isipokuwa zilizosamehewa kisheria, haikubaliwi katika hesabu za ushuru wa mapato. Mwenye duka amelazimishwa kutuma ankara yake kwa Mamlaka kwa mtambo. Ikiwa mtambo huo unaona mauzo ya mwananchi papo hapo anapodaiwa, unapofukaje anapodai? Jicho linaloona upande mmoja tu ni jicho lililofumbwa makusudi.

Tena hatuzungumzi juu ya fadhila. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na idara za serikali kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma, na mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 210 kinasema ushuru hautozwi ila kwa sheria. Kilichozidi juu ya kile kilichoamriwa na sheria ni nini basi, ikiwa si ushuru usio na sheria?

Vijana waliojaza barabara za miji yetu Juni 2024, hata Mswada wa Fedha wa mwaka huo ukakosa kutiwa saini, waliuliza kwa nini wananchi waongezewe ushuru. Swali lao lina ndugu yake pacha: kabla ya kuomba shilingi mpya, je, serikali imerudisha ile iliyoichukua kimakosa?

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, idadi ya madai yote ya marejesho na umri wake itangazwe kila robo mwaka, bila kutaja siri ya biashara ya mtu, na yalipwe kwa zamu: aliyetangulia kuomba atangulie kulipwa.

Pili, riba iwe sawa pande zote mbili, kwa kiwango na kwa tarehe ya kuanza.

Tatu, madai madogo yapewe njia fupi, na kudai haki kusihesabiwe kuwa ishara ya kosa.

Nne, Bunge litenge fedha za marejesho kwa kadiri ya deni, si kwa kadiri ya makombo yaliyosalia Hazina.

Lakini, ndugu wafanyabiashara, hata Bunge la malaika haliwezi kuwadaia msichodai wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunzeni stakabadhi zenu. Kila mwisho wa mwaka linganisheni kilicholipwa na kilichodaiwa. Kumbukeni kwamba sheria ya 2015 ilitoa miaka mitano kudai ushuru wa mapato uliozidi, na kwa VAT muda ni mfupi zaidi. Ukipita, haki hufa na mwenyewe ndiye aliyeizika. Fahamuni pia kwamba marekebisho ya miaka ya karibuni yameruhusu kilichozidi kitumike kukata ushuru wa mbele, hivyo si lazima kila dai lingoje hundi. Na mkinyimwa, liko Baraza la Rufani za Ushuru, lililoundwa kwa sheria ya 2013. Ombeni kwa maandishi, mpokee jibu kwa maandishi, na asiye na mhasibu ajiunge na wenzake wa soko moja wamlipe mmoja.

Mwaka wa 1991 tulijifunza kwamba serikali haibadiliki kwa kuombewa. Hubadilika pale raia wa kawaida, mmoja baada ya mwingine, wanapoacha kunong'ona. Seremala wetu akipeleka dai lake la shilingi 20,000, akasimama nalo mpaka likajibiwa, atakuwa amefanya kazi ya mageuzi sawa na aliyesimama jua kali kupiga kura.

Kulipa ushuru ni wajibu wetu, nasi tutalipa. Kurudisha kilichozidi ni wajibu wao. Na walipe.