Seng'enge Iliyolegea

Sisi watu wa pwani tumezoea nyua za makuti. Seng'enge hatuijui sana. Safari yetu ya Kitale na Bungoma ndiyo iliyotufunza. Huko mahindi na ng'ombe hukaa ubavu kwa ubavu, na kinachowatenga ni nyuzi chache za chuma. Nguzo ya pembeni ikiinama, au ng'ombe akizoea kujisugua, nyuzi hulegea.

Mwenyeji wetu wa Bungoma alikuwa na chombo cha kuzikazia: mkono wa chuma wenye meno, na taya mbili. Taya moja huuma waya huku, ya pili huuma kule. Mkono ukivutwa, waya husogea jino kwa jino wala haurudi nyuma. Asiyejua kiasi huukata, nao humrukia usoni kwa ghadhabu. (Nasi tulijaribu, kanzu ikachanika.) Nguzo ikiwa imeoza, kukaza ni kazi bure.

Jirani yake alikuwa amemnunia tangu ndama wawili walipoingia shambani mwake usiku. "Sheikh, si naye angelilinda shamba lake?" Tukamkumbusha hukumu ya Mtume (s.a.w.) katika kisa cha ngamia wa Al-Baraa bin Aazib: mchana mwenye shamba hulinda, usiku dhamana ni ya mwenye mnyama. Alinyamaza kitambo.

Asubuhi alipeleka madebe mawili ya mahindi. Alasiri tuliwakuta uani, mmoja akivuta mkono, mwengine akipigilia misumari.