Kabla hujatuma baiskeli Wajir, tazama matairi

Msomaji wangu, Jumapili hii tuanze na mguu wa ngamia. Umewahi kuutazama vizuri? Hauna kwato ngumu kama wa punda. Chini yake ni nyama laini, pana mfano wa sahani, na hutanuka zaidi mnyama anapoukanyagia uzito wake. Ndiyo maana ngamia hupita juu ya mchanga ambamo kwato nyembamba ya punda huzama. Ukishalielewa hilo, matairi ya baiskeli hayatakupa taabu.

Katika maduka mengi ya Nairobi utaonyeshwa baiskeli za aina mbili. Kuna ile nyeusi ya wazee wetu, Black Mamba, ambayo matairi yake ni inchi 28 kwa moja na nusu. Kisha kuna ile ya vijana, ya milimani, inchi 26 kwa 2 hivi, yenye meno kama trekta. Mtu wa mjini akitaka kumtumia mpwa wake baiskeli ya kwendea shule huko Wajir, mara nyingi huchagua kwa rangi na bei. Baiskeli hupakiwa juu ya basi Eastleigh, hufika salama, na baada ya mwezi mmoja imeegemezwa ukutani, mtoto amerudia kutembea. Pesa zimekwenda, na somo la kwanza la asubuhi linampita vilevile.

Jambo la kujua ni kwamba kinachobeba baiskeli si mpira, ni hewa. Tuseme gurudumu la nyuma limebebeshwa kilo 60, yaani pauni 132. Ukijaza hewa ya pauni 50 kwa kila inchi ya mraba, tairi litagusa ardhi kwa eneo la inchi za mraba mbili na nusu hivi. Ukipunguza hewa hadi pauni 25, eneo hilo huwa maradufu, zaidi ya inchi 5. Uzito ni uleule, lakini mchanga unakandamizwa kwa nusu ya nguvu, na gurudumu halizami sana. Huo ndio mguu wa ngamia.

Utaniuliza: si nipunguze tu hewa kwenye lile jembamba? Hapo ndipo upana unapohitajika. Tairi jembamba halina kina. Likiwa na hewa kidogo, jiwe la kwanza hulibonyeza mpaka kwenye rimu, na tyubu hubanwa ikatoboka matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Wajir ina mawe ya chokaa ya kutosha kwa kazi hiyo. Tairi pana lina nafasi ya kubonyea kabla rimu haijafikiwa.

Wako wanaoshikilia kwamba jembamba ndilo lenye mbio. Hata hilo siku hizi lina walakini. Waendeshaji wa mashindano ya Tour de France, ambao kwa miaka mingi walitumia matairi ya milimita 23, wamehamia ya 28 na hata zaidi, baada ya kuonekana kwamba hewa ikiwa ileile, tairi pana hubingirika kwa wepesi kuliko jembamba. Mjini Wajir barabara za lami zilikuja baada ya ugatuzi wa 2013, na mtoto anayeishi na kusoma humo humo atafika kwa Black Mamba bila wasiwasi. Akiiacha lami tu na kushika njia ya mchanga, gurudumu la mbele litazama, usukani utakataa kugeuka, naye atajikuta chini na vitabu vyake.

Usidanganywe na yale meno, hata hivyo. Meno ni ya matope na udongo ulioshikana. Kwenye mchanga mkavu huchimba tu, na gurudumu la nyuma hujizika lenyewe. Mguu wa ngamia hauna meno. Ukipata tairi pana lenye mgongo uliolala, chukua hilo. Wamarekani wamelifikisha jambo hili mbali: mwaka 2005 kampuni ya Surly ilitoa baiskeli iitwayo Pugsley, matairi yake karibu inchi 4, ya kupitia kwenye theluji na mchanga. Mimi sikushauri uitafute, kwa sababu tairi likiisha utalipata wapi?

Adui wa pili ni mwiba. Kuna mbigili, kuna migunga, na kuna mathenge, mti uliopandwa nchini miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ambao sasa umeziba njia nyingi kando ya mto Tana huko Garissa. Hapa tairi pana halina la kujivunia. Linagusa ardhi kubwa zaidi, kwa hivyo linaokota miiba mingi zaidi. Dawa ni ile ya mafundi wa siku zote. Chukua tairi kuukuu, likatwe kingo zake zenye waya, na kilichobaki kitandikwe ndani, kati ya tairi na tyubu. Baiskeli itakuwa nzito kidogo, lakini miiba mifupi itaishia njiani.

Tusisahau mzigo. Maji ya visima vya Wajir hubebwa kwa mikokoteni ya punda, lakini baiskeli ikiwapo nyumbani haikosi kutumwa. Mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40 juu ya karia. Siku hiyo gurudumu la nyuma lijazwe mpaka kidole gumba kishindwe kulibonyeza, na la mbele libaki laini.

Na mvua ikinyesha? Mafuriko ya 1997 na ya 2023 yaliwaonyesha watu wa huko matope ya kweli. Siku za namna hiyo jembamba hushinda, kwani hukata tope na kufikia ardhi ngumu chini yake, wakati pana hujaza tope kwenye madigadi hadi gurudumu likwame. Lakini siku hizo ni chache, na ukame ni mrefu. Kwa mtoto anayetoka nje ya mji, mimi nasema nunua pana.

Ila kabla ya kulipa, piga simu Wajir. Mwenyeji wako aende kwa fundi aliye karibu aulize ana tyubu za kipimo gani, maana tairi la 26 halikai kwenye rimu ya 28 hata ulivute namna gani. Ndani ya basi tia tyubu mbili za akiba, viraka, gundi na pampu. Pampu yenyewe ijaribiwe dukani: nyingi za milimani zina vali kama ya gari, na Black Mamba ina ile ya kizamani, hivyo inayoingia huku huenda isiingie kule. Vali ya gari ina faida kwamba hewa hupatikana kwenye kituo cha petroli. Mwambie tu mpwa wako ashike mpira wa hewa mwenyewe, ajaze kidogo kidogo, kwa kuwa mashine inayojaza lori huipasua tyubu ya baiskeli kufumba na kufumbua.