MBU HANGOJI KIKAO

Malaria ina kalenda yake, nayo ni mvua. Huku pwani, masika yaanzapo mwezi Machi madimbwi hujaa, na kwa muda wa siku kumi hivi yai huwa mbu kamili. Basi anayepulizia dawa majumbani mwezi Mei amekwisha chelewa.

Hata hesabu zetu hutudanganya. Wako wanaolinganisha wagonjwa wa Juni na wa Septemba, wakashangilia ushindi, kumbe ni kiangazi tu. Kule Garki, kaskazini ya Nigeria, katika mradi wa mwaka 1969 hadi 1976, nyumba zilipuliziwa na watu wakagawiwa dawa. Wakati wa ukame vimelea vilipungua mno; mvua iliporudi vikaongezeka, na maambukizi hayakukatika.

Kwa hiyo twasema: fedha, dawa na mabomba ya kupulizia vifike wilayani kabla ya mawingu. Juni ilinganishwe na Juni, tena kwa kuangalia mvua ya kila mwaka. Ndugu viongozi wa matawi na wafanyakazi, mvua haisubiri idhini ya ofisi yo yote. Tusingoje mpaka mtoto aanze kutetemeka.