Fizi na Baraka: vyuma vya kukinga pikipiki visigeuke mtego

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kuanzia Uvira kupitia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, kisha kupanda hadi Fizi-centre, wamotari wengi wamekataa kukubali neno hilo. Mbele ya injini ya pikipiki zao kuna mabomba ya chuma yaliyopindwa, moja upande wa kulia na lingine upande wa kushoto. Mengine yalitoka kiwandani pamoja na pikipiki. Mengine yamechomelewa na fundi wa mtaani, kwa kipimo cha jicho tu.

Vyuma hivyo ni kitu chema, na pikipiki inayofanya kazi katika wilaya ya Fizi haifai kukosa. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayasemwi vya kutosha. La kwanza, chuma kilichofungwa vibaya kinaweza kumuumiza yule yule ambaye kilipaswa kumkinga. La pili, kinachokingwa zaidi na chuma hicho ni mashine kuliko mguu wa mtu. Anayesahau mambo hayo mawili ananunua usalama ambao hajaupata.

Hakuna haja ya kuwaeleza wakaaji wa Fizi hali ya barabara yao. Wakati wa kiangazi ni vumbi na mawe. Mvua zikirudi ni tope, mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya malori, na mito inayokula kingo za daraja. Kwenda Kazimia, kwenda Lulimba na machimbo ya dhahabu ya Misisi, au kupanda kuelekea Minembwe, pikipiki mara nyingi ndiyo chombo pekee kinachopita. Inabeba ndagala kutoka ziwani, mawese, unga wa muhogo, madaftari ya shule na dawa za vituo vya afya. Inabeba pia mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku. Kwa hiyo pikipiki ikianguka, haianguki na motari peke yake.

Huko Ulaya na Marekani, kuna watu wanaonunua pikipiki kubwa za safari ngumu, kama BMW GS au Honda Africa Twin, na kuongeza vyuma vya kukinga kwa bei ya juu, kwa ajili ya wiki chache za likizo kwenye njia mbovu. Huku Fizi safari ya namna hiyo ni kazi ya kila siku, na inafanywa kwa Boxer au TVS ya injini ndogo, ambayo uzito wake ni kama kilo 110 au 120 tu. Waliotengeneza pikipiki ya Yamaha AG, iliyofikiriwa kwa ajili ya wakulima na ambayo mashirika mengi ya misaada na huduma za afya wameitumia vijijini Afrika, walielewa jambo hilo zamani. Waliiwekea vyuma vya kukinga tangu kiwandani, hata mbele ya mikono inayoshika usukani. Walijua kwamba katika njia za mashamba pikipiki lazima itaanguka, na kilichobaki ni kuhakikisha itainuka na kuendelea.

Hapo ndipo faida ya kweli ya chuma hiki ilipo. Anguko nyingi za njia za tope si za mwendo mkali. Gurudumu la mbele linateleza ndani ya mfereji, pikipiki inalala ubavu. Bila kinga, ikilalia upande wa kulia, pedali ya breki inapinda, na jiwe linaweza kupasua kifuniko cha klachi. Mafuta ya injini yanamwagika na safari inaishia hapo, kilomita nyingi kutoka kwa fundi. Ikilalia upande wa kushoto, ni chombo cha kubadilishia gia kinachokatika. Penye bomba zuri la chuma, uzito wa pikipiki unakaa juu ya bomba, na mara nyingi inabaki nafasi ya mguu kati ya mashine na ardhi. Motari anajifuta tope, anawasha, anaendelea. Mwenye pikipiki hapotezi injini, na familia haipotezi chakula cha jioni.

Lakini kugongana na gari, au kuanguka kwa mwendo wa kasi, ni habari nyingine. Mwaka 1981, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California wakiongozwa na Harry Hurt walitoa ripoti baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Kuhusu vyuma vya kukinga, jibu lao liliwashangaza wengi: majeraha ya kifundo na unyayo yalipungua, lakini yale ya paja, goti na muundi yaliongezeka, hivi kwamba faida moja ilifutwa na hasara nyingine. Los Angeles si Baraka, na barabara za lami si njia za Lulenge. Hata hivyo mfupa wa mtu ni ule ule. Mguu unaorushwa mbele kwa nguvu unakutana na chuma, na chuma hakina huruma.

Tena, matokeo hayo yanahusu vyuma vilivyotengenezwa kwa kipimo. Vile vya kukisia vinaleta hatari zaidi. Fundi anayetumia chuma cha zege, kile cha kujengea nyumba, badala ya bomba, anafikiri amefanya kitu kigumu. Kweli ni kigumu, na hilo ndilo tatizo. Bomba linapogongwa linapinda na kumeza sehemu ya pigo. Chuma kizito kisichopinda kinapeleka pigo lote kwenye fremu. Anayechomelea kinga moja kwa moja juu ya fremu anachoma chuma kinachobeba pikipiki nzima, na ufa unaweza kuanzia pale pale pa moto. Kinga nzuri inafungwa kwa bolti, kwenye matundu yale yale ambayo kiwanda kilitumia kushika injini, na kwa bolti za urefu unaofaa. Ikiwa hakuna njia nyingine ila kuchomelea karibu na pikipiki, waya za betri zitolewe kwanza, la sivyo umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuunguza vifaa vya umeme vya pikipiki.

Upana nao una maana yake. Kinga inayotoka nje kupita usukani inanasa miti, kuta za mifereji na watu wanaotembea pembeni. Katika soko la Baraka, siku watu wanapojaa, chuma cha namna hiyo kiko sawa na magoti ya mtoto. Na kabla ya kumlipa fundi, kuna mambo ambayo kila motari anaweza kupima mwenyewe bila shule yoyote. Ageuze usukani kulia na kushoto huku mtu akikandamiza mbele ya pikipiki, aone kama gurudumu au garde-boue inagusa chuma. Akanyage breki na abadilishe gia akiwa amevaa viatu vyake vya kazi. Aangalie kama bolti ya kumwagia mafuta ya injini inafunguka bila kuvua kinga nzima. Baada ya siku chache za kazi akaze bolti tena, kwa sababu mtikisiko wa barabara hii unalegeza kila kitu.

Kisha kuna jambo la mizigo. Chuma kilichowekwa kwa ajili ya usalama kinageuka haraka kuwa mahali pa kufungia bidoni. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina uzito wa kama kilo 18. Mbili, moja kila upande, ni kilo 36 zilizowekwa mbele ya miguu ya dereva. Kinga haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Bolti zinachoka, usukani unakuwa mzito, na siku ya kuanguka hakuna tena nafasi ya mguu, kwa sababu bidoni imeichukua. Isitoshe, injini za Boxer na TVS zinapozwa na upepo. Ukiziba upepo kwa bidoni au kwa vipande vya plastiki vya kuzuia tope, injini inachemka kwenye mlima wa kwanza. Ni kuua mashine kwa kitu kilichonunuliwa kuiokoa.

Swali gumu zaidi ni la pesa. Vijana wengi wanaoendesha hawana pikipiki yao. Kila jioni wanampelekea mwenyewe kiasi walichokubaliana, mvua inyeshe au jua liwake, na kinachobaki ndicho chao. Kinga ikihitajika, mara nyingi motari ndiye anayeambiwa ajitafutie. Hapo ndipo anaenda kwa fundi wa bei ya chini na chuma cha zege. Hiyo si haki, na si hesabu nzuri pia. Kwanza kabisa chuma hiki kinakinga injini, na injini ni mali ya mwenye pikipiki. Anayelinda mali yake ndiye anayepaswa kulipa. Vyama vya wamotari vya Baraka na Fizi vinaweza kuliweka jambo hilo wazi katika mapatano yao na wenye pikipiki: kinga ya bomba, iliyofungwa kwa bolti, ni sehemu ya pikipiki kama vile taa na breki, na inagharimiwa na mwenyewe.

Wengine watasema serikali itoe amri, kila pikipiki isiyo na kinga ikamatwe. Nia ni njema, lakini kila mtu anayesafiri kwenye barabara hii anajua amri ya namna hiyo itaishia wapi. Itaongeza sababu moja zaidi ya kumsimamisha motari na kumwomba pesa, na itampa kila mtu kwenye kizuizi haki ya kuamua kwamba chuma chako si kizuri. Sheria ya barabara ya Kongo ipo tangu tarehe 30 Agosti 1978. Kinachokosekana si karatasi. Kinachohitajika kutoka kwa meya wa Baraka, mkuu wa wilaya ya Fizi, polisi wa barabarani na tume ya kitaifa ya kuzuia ajali, CNPR, ni mambo madogo yanayowezekana: kuwakutanisha mafundi wa kuchomelea na vyama vya wamotari, kukubaliana kipimo kimoja cha bomba na cha upana, na kukionyesha hadharani. Fundi mwenye mfano mzuri mbele yake atafanya kazi nzuri. Haitaji kutozwa faini.

Na kuna kofia. Hapa ndipo maneno yote kuhusu chuma yanaweza kumdanganya mtu. Uchunguzi uliokusanya matokeo ya nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia ya pikipiki inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Hakuna chuma cha kukinga kinachokaribia faida hiyo. Lakini barabarani unakutana na motari aliyetumia pesa nyingi kupamba pikipiki yake kwa vyuma vinavyong'aa, kichwa chake kikiwa na kofia ya jua, na mteja nyuma yake hana kitu kabisa. Injini ina kinga, kichwa hakina. Injini ikivunjika inanunuliwa nyingine huko Uvira au Bujumbura.

Basi wenye pikipiki waweke kinga, na waweke nzuri. Mafundi watumie bomba na bolti, waache chuma cha zege. Wamotari waondoe bidoni mbele ya miguu yao, na wawe na kofia mbili, moja yao na moja ya mteja. Na mteja naye, kabla ya kupanda kwenda Fizi au Misisi, asiulize bei peke yake. Aombe kofia, na akiona bidoni imefungwa mbele ya miguu ya dereva, amsubiri motari mwingine.