Daftari isivuke mupaka na majina yetu

Mutoto wa chuo kikuu akipata nafasi ya kwenda kumalizia utafiti wake Ubelgiji, nyumba nzima inaingia mbioni. Paspoti, viza, tiketi. Viza yenyewe inaombwa Kinshasa, na tangu vita vifike mjini Februari 2025 na ndege za Kavumu kusimama, kufika kule ni kuzunguka inchi za watu. Baba anauza dhahabu ya mwezi mzima, mama anaongeza makuta ya kutwanga mawe. Hiyo tumeizoea.

Lakini kuna tayarisho moja tunalisahau: ile daftari. Huyu mutoto aliketi na sisi Kamituga, akaandika PDG gani iko na shimo gani, nani analipa nani kwenye bariera. Sasa anavuka Ruzizi na hayo yote ndani ya kompyuta na simu. Mutu wa silaha akifungua, si mwanafunzi peke yake atakayeulizwa. Yeye atapanda ndege. Sisi tutabaki hapa.

Njo maana tunasema: kabla ya kufunga valizi, majina yatoke, yawekwe alama tu. Picha za sura zifutwe. Maprofesa waangalie hiyo kabla ya kutia sahihi. Na sisi wazazi, kabla ya kutoa pesa ya tiketi, tuulize bila haya: «Mwanangu, jina yangu iko wapi?»

Akijibu vizuri, aende na baraka zetu. Na akirudi, atusomee alichoandika, kwa Kiswahili.