Somo la Video na Kinu cha Mawe

Katika vijiji vya uchimbaji dhahabu kutoka Kahama hadi Geita, kinu cha kusagia mawe, ambacho wengi hukiita karasha, ni chombo cha kila siku. Ndani yake zimo gololi za chuma zinazoponda mawe yawe unga, ili dhahabu ipate kutenganishwa. Mwenye kinu huona mawe yakiingia na unga ukitoka. Yanayotendeka ndani hayaoni.

Kinu kikizunguka polepole mno, gololi huserereka tu chini. Kikizunguka kwa kasi mno, hunata ukutani na kuzunguka pamoja nacho bila kuponda kitu. Kwa kinu chenye kipenyo cha mita 2, mpaka wa kasi hiyo ni karibu mizunguko 30 kwa dakika. Kazi njema hupatikana kwenye takriban robo tatu ya kasi hiyo, pale gololi zinapopanda na kuporomoka juu ya mawe. Mwanafunzi wa fizikia ajuaye kanuni ya mwendo wa duara aweza kuikokotoa namba hiyo mwenyewe.

Hapa ndipo ilipo faida ya kufundisha uhandisi kwa video. Kinu cha mfano chenye ubavu wa kioo kikipigwa picha, na mwendo wake ukapunguzwa, mwanafunzi huona lile ambalo ubao na chaki haviwezi kumwonyesha, tena aweza kulirudia mara kumi. Mhadhara mmoja wa chuo kikuu waweza kumfikia kijana wa Shinyanga bila kumsafirisha karibu kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam.

Lakini wako wadhanio kwamba chuo kikishakuwa na video hakihitaji tena karakana wala mkufunzi. Wazo hilo halina budi kukataliwa. Mwaka 2015, katika mgodi mmoja wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya kunaswa chini ya ardhi kwa siku 41. Mhandisi atakayewashauri watu wa namna hiyo sharti awe amewahi kuugonga mwamba kwa chuma: jiwe imara hulia kwa sauti kali, lililolegea hutoa mlio mzito wa uwazi. Mlio huo waweza kurekodiwa. Lakini uthabiti wa kusema "watu watoke" haupatikani kwa kutazama kioo cha simu.

Historia ya nchi yenyewe ina funzo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha kwa redio watu wapatao milioni mbili. Nguvu yake haikuwa redio peke yake. Wasikilizaji walikusanyika katika vikundi, wakiwa na kitabu na kiongozi aliyefunzwa. Walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka huo huo Kitivo cha Uhandisi kilianza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mafunzo ya vitendo viwandani yakawa sehemu ya masomo yake. Njia zote mbili zilifuata kanuni moja: sikia, jadili, tenda.

Kanuni hiyo yafaa kwa video pia. Masomo yanakiliwe katika kadi za kumbukumbu, ili ukosefu wa intaneti usimzuie mtu. Yatazamwe kwa vikundi, mbele ya mkufunzi awezaye kuulizwa na kujibu. Baada ya masomo machache, kikundi kiende kwenye kinu halisi, kipime kipenyo, kihesabu mizunguko, na kuandika taarifa. Mtihani nao upime mikono pamoja na kumbukumbu.

Itasemwa kwamba vitendo vina gharama. Ni kweli, lakini katika ukanda huu sehemu kubwa ya vifaa tayari ipo. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Karasha za wachimbaji wadogo zimeenea vijijini. Kinachotakiwa ni makubaliano na wenye migodi, ulinzi wa usalama wa wanafunzi, na nauli ya mkufunzi.

Chuo kinachotoa video bila hayo kitatoa vyeti vingi na wahandisi wachache. Gharama ya upungufu huo italipwa na yule aliye shimoni.